Watoto wa Watu Hawahesabiwi

Ukifika Chokocho miaka ile ukataka nyumba ya Bi Mwatum Kificho, hukuwa na haja ya kuonyeshwa. Ulisimama njiani, ukatega sikio. Ile nyumba iliyotoa sauti za watoto wakiimba alifu na bee, na mwanamke mmoja akiwakemea juu yao, ndiyo hiyo. Ilikuwa ya udongo na makuti kama nyingine, ila baraza yake ilizidi zote kwa upana, kwa kuwa kila kiangazi mumewe, Nyange Vuai, aliisogeza mbele kwa udongo mpya ili majamvi yaenee. Nyange alikuwa msokota kamba za makumbi na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Alizoea kusema kwamba alioa mke mmoja, akaletewa kijiji kizima barazani.

Bi Mwatum alisomesha chuo cha Kurani kwa miaka ishirini na zaidi. Hakuwa mwanachuoni mkubwa, na mwenyewe hakujidai. Aliwafundisha watoto herufi, akawavusha mpaka mwisho wa juzuu Amma, kisha akawapeleka kwa Shehe Sleiman Msellem waendelee. Fimbo yake ya mkwaju ilikuwa ndefu, lakini ilipiga jamvi zaidi kuliko ilivyopiga migongo. Na kina mama hawakumletea watoto kwa ajili ya elimu peke yake. Walimletea kwa sababu mtoto akiwa kwa Bi Mwatum, mama aliweza kwenda zake shamba au pwani na moyo wake umetulia. Aliwajua wote. Alijua nani ana pumu, nani hukojoa akicheka, nani hawezi kupita mbele ya jogoo. Mtoto akikohoa nyuma ya ukuta, alimwita jina bila kugeuka.

Basi mtu wa namna hiyo umwambie ahesabu watoto, ahesabu nini? Na hata kama angetaka, mwiko ulikuwepo. Watoto wa watu hawahesabiwi. Huhesabiwa mbuzi, nazi na pishi za karafuu. Mtoto ukimtaja kwa namba umemvua nguo mbele ya kila jicho baya, la binadamu na la asiyekuwa binadamu, na Pemba macho ya aina zote mbili hayakuwa haba. Mwaka wa hamsini na nane, karani wa serikali alipopita kijijini kuhesabu watu, kina mama waliwaficha watoto jikoni wakawazibia vinywa kwa mihogo. Bi Mwatum aliulizwa ana watoto wangapi. Akajibu, "Wapo." Karani akauliza tena, wangapi? "Wapo, alhamdulillahi." Yule kijana alitokwa na jasho pale barazani mpaka Nyange akamhurumia akampa maji ya dafu. Alichoandika katika karatasi yake anakijua mwenyewe.

Kwa hiyo chuo kilikuwa na desturi yake. Watoto wakitoka kwenda mahali, kuchuma majani ya mbuzi wa mwalimu au kusoma kasida kwenye maulidi, Bi Mwatum aliwakusanya, akapaza sauti, "Mpo nyote?" Nao wakaitikia kwa pamoja, "Tupooo!" Wakimaliza, njia ikashikwa. Miaka ishirini ilipita kwa tupo hiyo, na hakuna aliyekaa akafikiri kwamba asiyekuwepo hawezi kuitikia kwamba hayupo.

Mfunguo sita, mwezi wa maulidi, mwaka wa hamsini na tisa, chuo kilialikwa maulidi ya Mikandaani. Mikandaani ni kitongoji kilichokuwa ng'ambo ya mlango, yaani mkono wa bahari uliojaa mikandaa, jamii ya mikoko, pande zote. Maji yakipwa unavuka kwa miguu na tope likikuchezea vidoleni. Yakijaa, hata mwanamume mrefu hafiki chini. Siku zile zilikuwa za bamvua, maji hukimbia sana kwenda na hukimbia sana kurudi. Kila mtu alijua hesabu ya siku hiyo: kuvuka saa mbili u nusu asubuhi, kusoma, kula, na kurudi kabla saa sita haijagonga.

Walitoka wamependeza. Bi Kazija, shoga yake Bi Mwatum tangu usichana wao, nyumba zao zikitazamana, alimleta binti yake Time mpaka ufukweni. Time alikuwa na miaka saba. Alikuwa na sauti nyembamba iliyopanda juu ya sauti za wenzake wote, na ndiye aliyepangiwa kuanza kasida. Siku hiyo alivaa makubadhi mapya ya ngozi aliyoletewa na baba yake kutoka Mkoani, na hakutaka kuyavua hata tope lilipoanza, mpaka mama yake alipotishia kuyarudisha nyumbani. Akayavua, akayakumbatia kifuani.

"Haya, shoga," Bi Kazija alisema. "Mie siwezi kuvuka na hali hini." Alikuwa na mimba ya miezi mitatu na kichefuchefu kisichomwacha. "Mwanangu yuno hapo."

"Yu mikononi mwangu," Bi Mwatum alimjibu. Ndivyo alivyomjibu kila mama aliyekuja ufukweni asubuhi ile.

Maulidi yalikuwa mazuri, hilo nalo lisemwe. Time alianza kasida, na wazee wa Mikandaani wakatikisa vichwa. Watoto wakanyunyiziwa marashi. Lakini pilau ilichelewa. Kuni zilikuwa mbichi, wapishi wakawa wanapuliza na kulia moshi huku saa inakwenda. Bi Mwatum alitoka mara mbili kwenda kutazama jikoni, na mara mbili akaambiwa bado kidogo tu. Angesema waondoke bila kula, lakini watoto walikuwa na njaa, na kumkimbia mwenye maulidi kabla ya chakula chake ni kumtukana mbele za watu. Akangoja. Pilau ilipofika, watoto walikula mbio mbio, wali ungali moto viganjani, na Nyange, aliyewasindikiza, akawa amesimama mlangoni akitazama upande wa pwani.

Walipofika ufukweni maji yalikuwa yameshaanza kuingia. Nyange alitangulia na upondo akipima njia. Watoto walimfuata wameshikana mikono wawili wawili, na Bi Mwatum alikuja nyuma kabisa, amembeba Umkulthum, mdogo kuliko wote, mtoto wa miaka minne. Walivuka wakicheka. Katikati ya mlango maji yaliwafika wadogo kiunoni, wakapiga kelele za furaha, maana mtoto hajui maji ya mchezo na maji ya mauti. Walitoka upande wa pili wote wameloa, wakaanza kukamua kanga zao.

Hapo ndipo Maryamu alipoanza.

Maryamu alikuwa na miaka kumi na mmoja, yatima aliyelelewa na bibi yake. Asubuhi alikwenda skuli ya serikali, jioni alikuja chuoni, na skuli walikuwa wamemfundisha kwamba kila safu huhesabiwa ikitoka na huhesabiwa ikirudi. Asubuhi wakitoka alikuwa amewahesabu kimoyomoyo. Akapita katikati ya wenzake akiwagusa vichwa. "Mmoja, wawili, watatu..." Alihesabu kwa sauti, kwa raha ya mtu anayejua kitu. Alikuwa amefika kumi na tisa Bi Mwatum alipomsikia.

"Koma wee!" Akampiga mkononi, kofi lenye mlio. "Watoto wa watu wahesabiwa kama mbuzi? Nani kakufunza hayano?"

Maryamu akarudisha mkono wake. "Mwalimu, nataka kujua kama—"

"Nyamaza!" Bi Mwatum akatema mate kidogo pembeni, akasema mashaallah, mashaallah, mara tatu. Kisha akapaza sauti. "Mpo nyote?"

"Tupooo!"

Wakaenda zao.

Yaliyotokea yalikuja kujulikana vipande vipande, kwa kuulizana. Time alipofika ufukweni mwa Mikandaani alikumbuka makubadhi yake. Alikuwa ameyaacha mlangoni pa msikiti. Mwenzake wa kushikana naye mkono alikuwa ameshashikana na mwingine. Alimwambia Umkulthum tu kwamba anarudi mara moja, na Umkulthum, kwa miaka yake minne, hakuona kuwa hilo ni neno la kumpelekea mtu mzima. Wanawake wa Mikandaani walimwona akichukua viatu vyake na kukimbia tena pwani. Wakadhani wenzake wanamngoja. Upande huu, kila aliyefikiri juu yake alidhani yuko mbele, au nyuma, au kabaki kwa shangazi yake wa Mikandaani. Mtoto mmoja alikuwa na watu wa pande mbili, na kila upande ulimwachia mwingine.

Alasiri Bi Kazija alivuka njia, mikono ina unga. Alikuwa anapika mkate wa kumimina.

"Time keshalala kwako? Mwambie aje ale."

Bi Mwatum alikuwa anaanika kanga. "Si kaja kwako?"

Walitazamana. Wenye kukisimulia kisa hiki husema Bi Mwatum alipiga kelele, lakini si kweli. Alikaa chini, pale pale kwenye udongo.

Wanaume walivuka kwa mitumbwi, maji yakiwa yamejaa hadi majani ya mikandaa. Mikandaani wakaambiwa mtoto aliondoka saa sita. Asubuhi ya pili, maji yalipopwa, Nyange ndiye aliyemwona, kwenye mizizi, mwendo wa dakika chache tu kutoka ufukwe wa Chokocho. Alikuwa karibu kufika. Nyange alivua shuka lake akamfunga nalo, akamchukua mwenyewe mpaka nyumbani kwao, na tangu siku ile hakumwambia mtu alichokiona. Kubadhi moja alilikuta, la pili lilichukuliwa na maji.

Msiba ulikuwa mkubwa, na watu walisema wanayosema siku zote. Ajali haina kinga. Siku yake ilifika. Mtoto huyo ni ndege wa peponi, atawapokea wazee wake mlangoni. Hakuna aliyemlaumu Bi Mwatum. Bi Kazija mwenyewe, macho yamevimba hayafunguki, alimshika mkono akamwambia, "Usilie hivyo, shoga. Mungu kampenda zaidi." Kila neno la faraja lilimwingia Bi Mwatum kama mwiba wa mchongoma, maana yeye alijua lililopita pale ufukweni, na alidhani analijua peke yake.

Hakulijua peke yake. Watoto walikuwepo, na watoto hawana siri. Siku ya tatu ya matanga maneno yalianza kupita uani baina ya sufuria. Yule mtoto wa skuli alihesabu. Aliwagusa vichwa mmoja mmoja. Alhamdulillahi Bi Mwatum alimnyamazisha kabla hajamaliza, la sivyo tungezika wangapi? Mwanamke mmoja alikuja akambusu Bi Mwatum mkono kumshukuru kwa kuwanusuru watoto wake wawili. Bi Mwatum aliutazama mkono wake, ule ule uliopiga kofi. Alinyamaza. Mimi simtetei. Alinyamaza wiki nzima, kisha wiki ya pili, na kunyamaza kulikuwa na starehe yake, kwa sababu kulimwacha akiwa mwalimu mwenye heshima mbele ya watu.

Aliyelipa alikuwa Maryamu. Kina mama waliwavuta watoto wao akipita. Skuli hakwenda tena, chuoni hakuja. Hakula. Bibi yake alimpeleka kwa mganga, naye akasema ana shetani wa pwani, akafukizwa mpaka macho yakamtoka machozi ya damu, lakini shetani hakutoka kwa sababu hakuwepo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Bi Mwatum alijua maradhi ya mtoto huyu yanatokana na nini. Wiki ya nne alikwenda kumtazama. Akamkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, ameelekea ukutani, mabega yametokeza kama ya kizee.

"Maryamu, mwanangu."

"Nilimhesabu, mwalimu." Alisema bila kugeuka. "Nilifika kumi na tisa. Nikifumba macho namwona. Yeye ndiye wa ishirini."

"Si kweli. Time hakuwepo pale."

"Wote wasema mie ndiye niliyemtia jicho."

Bi Mwatum alimwambia mara tatu kwamba si yeye, na kila mara mtoto akazidi kujisogeza ukutani. Angeaminije? Mtu aliyempiga mkono kwa kuhesabu mbele ya watoto wote alikuwa sasa anakuja kumnong'onezea gizani mwa chumba kwamba hakukosa. Kofi lilipigwa hadharani. Bi Mwatum alitoka nje akasimama mlangoni pa nyumba ile kwa muda mrefu, na watu waliompita walidhani anasoma dua.

Siku ya arubaini wanawake walijaa nyumbani kwa Bi Kazija kusoma hitma. Mchana ulikuwa na joto, kuta zimejaa migongo. Baada ya dua, chai ikiwa inamiminwa, Bi Mwatum alisema anataka kusema. Wakanyamaza kwa heshima, wakidhani ni mawaidha.

"Yule mtoto Maryamu hakumuua mtu," alisema. "Msimfukuze. Mie ndiye."

"Astaghafirullahi, Bi Mwatum!" wawili watatu waliruka kwa pamoja.

"Niacheni niseme. Tulipotoka majini alianza kuhesabu. Lau angemaliza, tungejua mmoja hayupo. Nikampiga mkono. Alitaka kuniambia, nikamnyamazisha. Nikauliza kama wote wapo, nikajibiwa wapo na wale waliokuwepo. Nyote mwanishukuru kwa kumnyamazisha. Hilo mlishukurulo ndilo lililomzamisha mtoto."

Bi Kazija alikuwa amekaa mkekani, mkono juu ya tumbo lake. Aliuliza polepole.

"Maji yalikuwa wapi?"

"Magotini."

"Magotini mwa nani?"

"Mwangu," alisema Bi Mwatum. "Nyange angeweza kurudi."

Bi Kazija alikitazama kikombe cha chai alichopewa. Hakukitupa, hakupiga kelele. Alikiweka chini taratibu kama mtu anayeogopa kumwagia wageni.

"Ungemwacha akamaliza," akasema. Kisha akasimama, akaingia chumbani, akafunga mlango. Miaka ishirini na tano ya ushoga iliishia hapo. Nyumba zao ziliendelea kutazamana, lakini dirisha la Bi Kazija lililoelekea kwa Bi Mwatum lilizibwa kwa kuti.

Maryamu alirudi chuoni wiki iliyofuata, mwembamba, akakaa mwisho wa jamvi. Na siku hiyo hiyo Bi Mwatum alianza kuhesabu.

Kwanza alijaribu njia ya mzunguko, asiwaudhi watu. Kila mtoto akiingia aweke kome moja kikapuni, akitoka aichukue. Zinahesabiwa kome, haihesabiwi roho. Ilikuwa akili nzuri, ila walio na akili nzuri zaidi walikuwa watoto. Wengine walizichezea, wengine walilamba mchanga wake, na mmoja alikuwa akiweka mbili kila siku, moja yake na moja ya paka wao. Siku moja kikapu kilionyesha mtoto mmoja kazidi, na Bi Mwatum akakizunguka chuo kizima akimtafuta mtoto asiyekuwepo duniani. Alipogundua ni paka, alicheka mpaka akalia, na kilio kikazidi kicheko. Akamwaga kome zote uani. Tangu hapo alihesabu kwa mdomo, kwa kuwagusa vichwa, wakiingia na wakitoka. Walikuwa thelathini na wanne. Ndiyo mara ya kwanza idadi hiyo kutajwa na mtu yeyote.

Watu walistahamili mwezi mmoja. Shehe Sleiman alikuja, mtu mpole, akakaa barazani akakohoa. Alisema hakuna aya inayokataza kuhesabu, lakini watu wana mila zao na fitina ni mbaya. "Hesabu moyoni, Bi Mwatum. Nani atajua?"

"Moyoni nimehesabu miaka ishirini, Shehe."

Shehe akainamisha kichwa, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Kisha ikaja surua. Ilipita kisiwa kizima kama inavyopita, na Chokocho iliwashika watoto wanane, wanne kati yao wa chuo cha Bi Mwatum. Wote wanne walipona, ila jina la Bi Mwatum halikupona. Walibaki kumi na tisa. Mwaka wa sitini na moja siasa ilipopamba moto, watu hawasalimiani hata misikitini, ikazushwa kwamba Bi Mwatum anahesabu vichwa kwa ajili ya chama. Kila upande uliamini ni chama cha upande wa pili, kwa hiyo akapoteza watoto wa pande zote mbili kwa haki kabisa. Wakabaki tisa. Maryamu alimsaidia kushika hesabu mpaka ami yake alipomchukua kwenda Tibirinzi kuendelea na skuli. Siku ya kuondoka alimbusu mwalimu wake mkono, na Bi Mwatum akauzuia ule mkono wake usirudi haraka, akambusu yeye kichwani. Wakabaki wanane, halafu sita.

Nyange aliacha kuisogeza baraza. Hapakuwa na haja. Siku moja, akisokota kamba yake, alimuuliza mkewe kama haoni tabu.

"Naona," alisema. "Napata tabu sana, Nyange. Nikiwaona wale waliokwenda kwa wengine wakipita njiani kwenda pwani, wengi, hawana mtu wa kuwatazama, najisikia kuwaita. Sina haki ya kuwaita." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini hawa sita nawajua walipo."

Mwisho wa mwaka wa sitini na tatu, asubuhi ya Jumamosi, watoto walikuwa hawajakaa vizuri jamvini. Bi Kazija alivuka njia. Alikuwa amezeeka haraka, nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Alikuwa amemshika mkono msichana wa miaka mitatu na kitu, Masika, aliyezaliwa mvua za mwaka wa sitini, na kila mtu alijua kwamba mama yake hajawahi kumwacha kwa mtu, hata kwa nyanya yake, hata kwa saa moja. Akasimama chini ya ukingo wa baraza. Hakupanda.

Bi Mwatum alisimama. Fimbo ilimwanguka. Miaka minne alikuwa ameyapanga maneno ya siku hiyo.

"Sikuja kukusamehe," Bi Kazija alisema.

"Najua."

"Kila chuo nimekwenda nikatazama. Hata kwa Shehe Sleiman. Wote wauliza kama wapo, wote waitikia wapo." Akamvuta Masika karibu yake. "Nimekuja kwa kuwa ni weye tu unayehesabu."

Akamnyanyua Masika, akamweka barazani kwa mikono yake miwili. Mtoto aligeuka kumtazama mama, mdomo umeanza kupinda. Bi Kazija hakuondoka. Alisimama pale pale juani, kanga imekazwa kichwani, akingoja.

Bi Mwatum alianza upande wa ukutani. Mmoja. Wawili. Watatu. Alipofika kwa Masika alipiga magoti, akamwekea kiganja kichwani, akahisi joto la utosi wake.

"Saba," alisema, kwa sauti ya kusikika njiani.

Bi Kazija akaitika kwa kichwa, akarudi kwake kupika.